Kable ya antena: namna ya kuchagua kabla hujalipa

Juzi nilimsaidia mdogo wangu mmoja wa Himbi, mtaa wa Goma. Antena yake ya megahezi 145 iko juu ya mlingoti mzuri, SWR (kipimo cha wimbi linalorudi kutoka antena; karibu na 1 ni nzuri) inasoma vizuri, lakini watu wa mji jirani wa Sake hawamsikii. Shida ilikuwa kable tu.

1. Pima kwa kamba njia yote, kutoka redioni hadi antena, pamoja na kona zake.

2. Angalia masafa yako. Kwa megahezi 7, mita 30 za RG-58 (kable nyembamba) hupoteza kama desibeli 1 (kipimo cha upotevu wa nguvu), itumie. Kwa megahezi 145, urefu uleule hula karibu desibeli 6: ukituma wati 50, antena hupata 12 au 13. Kwa RG-213, kable nene zaidi, zinafika kama 27. Mimi kwa VHF (masafa ya megahezi 30 hadi 300) sifungi RG-58 kupita mita tano.

3. Kagua palepale dukani, hata kama ni kwenye soko la Birere na muuzaji ana haraka. Maandishi ya juu ya ganda hayatoshi. RG-213 ina unene wa milimita 10 hivi, na katikati nyuzi saba za shaba. Menya ncha: wavu wa shaba ukiwa mwepesi hata plastiki ya ndani inaonekana wazi, iache. Kwaruza waya wa katikati kwa kisu. Weupe chini ya shaba mara nyingi ni aluminiamu, nayo kwa VHF haina ubaya (kable nzuri ya LMR-400 imetengenezwa hivyo), ila usiilipie bei ya shaba.

4. Jaribu kable yenyewe. Hapa ndipo wengi hudanganyika: kable mbovu huifanya SWR ionekane nzuri, kwa sababu wimbi linalorudi linamezwa njiani. Ondoa antena, acha ncha ya juu wazi, upime kutoka chini kwa NanoVNA, kifaa kidogo cha kupimia antena na kable. Usitumie redio kwa nguvu zake zote, unaweza kuiunguza. Kwa megahezi 145, mita 30 za RG-58 isiyo na kasoro zitasoma SWR ya 1.7 hivi, bila antena kabisa! RG-213 ya urefu uleule itasoma karibu 3.4. Namba ikiwa kubwa, upotevu ni mdogo. Kwa kable iliyotumika, RG-213 ya urefu huo ikisoma 2, huenda maji yameingia. Usinunue hata kwa bei ya bure. Ukisoma kupotea kwa wimbi linalorudi (return loss) kwa desibeli, gawa kwa 2: huo ndio upotevu wa kable.

5. Funga kiunganishi cha juu kwa tepu ya mpira inayojishika yenyewe, kisha tepu ya kawaida juu yake. Kabla kable haijaingia ukutani, iache ining'inie chini kidogo ili mvua idondokee nje.