Usiache vidonge vya saratani ya matiti kimyakimya
Mgonjwa wa saratani ya matiti aliyeandikiwa tamoksifeni au letrozoli, yaani dawa za homoni za kuzuia saratani isirudi, kwa kawaida hutakiwa kumeza kidonge kila siku kwa miaka 5, na wengine hadi 10, muda ambao ni mrefu mno kwa mtu anayejiona amekwisha kupona. Wengi huacha kwa sababu ya maumivu ya viungo au joto la ghafla mwilini, tena bila kumwambia daktari, na hilo ndilo linalonisikitisha zaidi, kwa kuwa mara nyingi dawa inaweza kubadilishwa. Anayemuuguza na amuulize waziwazi, bila kumlaumu, kidonge kinamsumbuaje, kisha amsaidie kuandika dalili hizo pamoja na tarehe zake na kuzipeleka kliniki kabla hajaacha hata dozi moja.