SOMO: Pima kontua kwa fremu A kabla hujachimba mtaro wa fanya juu (ule ambao udongo wake unarushwa upande wa juu)

Habari zenu wakulima, hasa sisi wa milimani huku Lushoto. Masika iliyopita jirani yangu alichimba matuta kwa kukadiria na macho tu, maji yakakimbilia upande mmoja yakapasua tuta, maharage na udongo vyote mtoni. Iliniuma, maana kifaa chenyewe cha kupima kontua, yaani mstari wa usawa unaokatiza mteremko, wala hakinunuliwi, ni fremu A ya fito tu.

Kata fito mbili za mita 2, zifunge juu zikae kama A, katikati kaza fito ya kukingama. Pale kileleni funga kamba yenye jiwe, jiwe lining'inie chini kidogo ya hiyo fito.

Sasa usikimbilie shambani, tafuta kwanza alama ya usawa. Simamisha fremu, chomeka kigingi kila mguu ulipo, jiwe likitulia chora na mkaa pale kamba inapogusa fito. Geuza fremu, miguu ibadilishane vigingi, chora tena. Katikati ya alama hizo mbili ndo usawa wako. Wengi wanaruka hapa na ndo hapa kazi nzima inaharibika!

Anzia juu ya shamba, mguu mmoja kwenye kigingi, mwingine unausogeza juu au chini mpaka kamba iguse alama, chomeka kigingi, endelea hivyo mpaka mwisho wa shamba. Halafu chimba mtaro sentimita 60 upana na kina, udongo rusha upande wa juu wa mteremko, acha nafasi kidogo usirudi mtaroni. Mvua zikianza panda matete au nyasi za guatemala kwenye tuta, mizizi inashika na ng'ombe anakula.

MASWALI

*Mkuu, mtaro hadi mtaro niache kiasi gani?*
Simama kwenye mstari wa juu, mwenzio ateremke mpaka macho yake yawe sawa na nyayo zako. Hapo alipo ndo mstari unaofuata.

*Huku kwetu upepo, kamba haitulii kabisa.*
Jiwe zito dada, na upime asubuhi mapema.

*Kwani udongo ukitupwa chini si rahisi zaidi?*
Ni rahisi kweli, hiyo ni fanya chini. Ila ukiwa juu, tuta linakamata udongo unaoshuka, mwaka hadi mwaka ngazi inajijenga yenyewe, wenzetu wa Machakos kule Kenya wanajua hilo.

*Je jirani wa juu yangu asipochimba?*
Mpelekee fremu yako kaka mpime wote wawili, mtaro wako haubebi maji ya mashamba mawili.