Gari lililotumika: ulizia taiming belti kwanza

Kati ya magari niliyowahi kumiliki, Corolla AE110 yenye injini ya 5A-FE na Prado ya dizeli yenye injini ya 1KZ-TE yalitumia taiming belti, yaani mkanda wa mpira unaoendesha valvu (milango ya hewa na moshi ya injini) zipatane na mwendo wa pistoni, ilhali Probox ya 1NZ-FE inatumia cheni kwa kazi hiyo, na tofauti hiyo ndiyo ninayoitazama kwanza kabla ya rangi, viti au redio. Belti ya aina hiyo kwa kawaida hubadilishwa kila kilomita 100,000, lakini mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa, na kilomita zinazoonekana kwenye dashibodi ya gari lililotumika hazithibitishi lolote, kwa kuwa zinaweza kurudishwa nyuma. Kwa hiyo, iwapo muuzaji hana risiti au kibandiko cha fundi chenye tarehe, ihesabu belti hiyo kuwa imekwisha muda wake na uipunguze gharama yake katika bei. Katika injini za dizeli jambo hili ni zito zaidi, kwani belti ikikatika injini ikiwa inazunguka, pistoni zinaweza kugonga valvu na kuzipinda.

Unapoibadilisha, badilisha pia tenshona (kikaza belti) na sili za mafuta (za kuzuia oili isivuje) zilizo nyuma ya kifuniko cha belti, maana belti iliyolowa mafuta haidumu. Pampu ya maji nayo ikaguliwe. Cheni haina ratiba kama hiyo, ila hulika upesi mwenye gari akichelewesha kumwaga oili, na kelele ya mkwaruzo injini inapowashwa asubuhi ni sababu ya kutosha kumwita fundi.