Cherehani haikupotea, iliibiwa

Mwaka juzi wezi walivunja kufuli la fremu yangu hapa Mbagala, wakabeba cherehani ya umeme na vitambaa vya wateja. Mimi na haraka zangu nikafagia, nikafunga kufuli jipya, ndipo nikaenda kituoni. Yaani nilifagia ushahidi. Ukikuta mlango umevunjwa usiguse kitu. Piga picha, waite majirani wawili waone, mpe taarifa mjumbe wa shina au mwenyekiti wa mtaa. Kama mwizi bado yumo ndani, piga 112.

Kosa la pili lilikuwa la mdomo. Pale kaunta nilisema "nimepotelewa na cherehani", ndivyo tulivyozoea kusema. Askari naye akaandika hivyo hivyo. Nikatoka na karatasi yenye muhuri nikijua kesi imefunguliwa. Wiki tatu nikawa nasubiri simu. Kumbe ile ni loss report, yaani taarifa ya kitu kilichopotea, ya kitambulisho kilichodondoka kwenye daladala au laini ya simu unayotaka kuirudisha. Siku hizi unaiomba hata mtandaoni. Haimtafuti mwizi. Ukiibiwa sema "nimeibiwa, fremu imevunjwa", kisha usiondoke bila RB.

RB ni namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi: herufi za kituo, RB, namba ya taarifa, mwaka. Ipige picha, maana kikaratasi chenyewe hakina tofauti na risiti ya Luku, kesho hukioni. Jalada la uchunguzi likifunguliwa kuna namba nyingine yenye IR. Ichukue nayo, pamoja na jina na simu ya mpelelezi.

Nenda na kitu cha kuitambulisha mali. "Cherehani nyeusi" Mbagala hii zipo ngapi? Mimi iliniokoa risiti ya dukani yenye namba iliyogongwa kwenye chuma. Kwa simu ni IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe: bonyeza *#06# leo, ungali nayo mkononi, uiandike daftarini.

Wakati wa maelezo askari aliniuliza namshuku nani. Ulimi ulikuwa unanicheza nimtaje kijana niliyemwachisha kazi, lakini sikumwona. Nikasema ninachokijua: nilifunga saa tatu usiku, nikafungua saa moja asubuhi. Kumtaja mtu kwa hasira ni kumlaza mahabusu bure, na taarifa ya uongo ni kosa juu yako wewe. Soma maelezo yako, au usomewe, kabla ya kusaini.

Ukiwa umejeruhiwa, omba PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Daktari anaijaza, inarudi polisi. Ubakaji, kipigo cha nyumbani au mtoto kufanyiwa ukatili, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, usisimulie kaunta mbele ya foleni. Aliyebakwa asioge wala nguo zisifuliwe kabla ya kuonwa na daktari. Kwa mtoto ipo pia namba ya simu 116.

Taarifa haina malipo. Ukiombwa hela ya karatasi au ya mafuta ya gari, omba kumwona mkuu wa kituo. Ikishindikana, TAKUKURU ni 113.

Niliporudi mara ya pili na ile namba ya kwenye chuma, mpelelezi aliizungusha kwa mafundi wanaotengeneza cherehani. Baada ya miezi miwili nikaitwa kwenda kuitambua. Vitambaa vya wateja nimelipa mwenyewe.