AC ya pikapu inapuliza joto? Anza na hita kabla ya kununua gesi

Somo hili ni la wenye pikapu wa huku kwetu Mbeya, Iringa na Njombe, maana AC zetu zinaugua kwa namna yake. Mwezi wa saba hapa Uyole nani anawasha AC? Tunawasha hita. Halafu siku moja unapakia mzigo wa Kyela, unaipita Tukuyu, unafika chini shati limeganda mgongoni. Unawasha AC, inapuliza joto. Wa kwanza kumuuliza atakwambia, "Gesi imeisha hiyo, jaza." Usijaze bado.

Gesi ya AC hailiwi kama dizeli. Inazunguka kwenye mfumo uliofungwa, ileile mwaka hadi mwaka. Ikipungua, ina mahali inapotokea. Na pengine haijapungua kabisa.

1. Joto linatoka wapi?
Weka mkono kwenye tundu la hewa. Hewa ikiwa sawa na ya nje, AC haipozi. Ikiwa ya moto kuliko ya nje, hita iko kazini. Yangu ilinitesa hivyo: nilinunua gesi, nikajaza, joto likabaki palepale. Mwisho nikapiga magoti chini ya dashibodi na tochi. Nobu ya joto ilikuwa kwenye buluu, lakini waya wake ulikuwa umechomoka kwenye kibanio, na kibao cha kuchanganya hewa kimebaki upande wa moto tangu msimu wa baridi. Nikaurudisha kwa vidole. Kwa hiyo zungusha nobu huku mtu anaangalia kama waya unavuta. Pikapu zenye vali ya maji ya hita, angalia na vali hiyo kama inafunga.

2. Klachi ya kompresa
Washa injini, washa AC, tazama uso wa kompresa (pampu ya gesi inayozungushwa na mkanda wa injini) bila kusogeza mkono wala nguo karibu na mkanda. Puli inazunguka muda wote, sahani ya mbele inapaswa kunasa "tak!" na kuzunguka nayo. Isiponasa, kagua fyuzi, kisha rilei. Vikiwa vizima, huenda swichi ya presha imekata kwa sababu gesi ni kidogo. Tafadhali usiiunganishe waya moja kwa moja ili kulazimisha. Oili ya kompresa husafiri pamoja na gesi. Gesi ikiwa haba, kompresa inajisaga kavu na vyuma vyake vinatapakaa mfumo mzima.

3. Kondensa
Ndiyo ile iliyo mbele ya rejeta, inayotoa nje joto la gesi. Gari zinazobeba mpunga Ubaruku na Chimala, nazikuta zimezibwa na pumba na vumbi. Osha kwa maji ya kawaida, taratibu. Presha kubwa inalaza mapezi yake.

4. Tafuta uvujaji
Hapa ndipo nawaomba muwe na subira. Gesi ikivuja hutoka na oili kidogo, na vumbi la barabara hushika pale. Tafuta doa jeusi lenye unyevu kwenye maungio, kwenye kondensa, na chini ya kompresa nyuma ya klachi. Zima injini, paka povu zito la sabuni, kisha ngoja. Uvujaji mdogo hautoi mapovu makubwa. Utaona kishada cheupe kinakua polepole kama yai la chura. Mara nyingi ni oringi tu, ule mpira wa duara unaoziba maungio. Badilisha kwa ile ya mfumo wa AC, uipake oili ya kompresa kabla ya kuifunga.

5. Vakyumu na gesi
Baada ya kuziba, vuta vakyumu, yaani pampu inyonye hewa na unyevu wote kwenye mfumo, angalau nusu saa, funga geji, subiri tena. Sindano ikipanda, bado panavuja. Angalizo kwa mafundi wa nyanda za juu: vitabu vinasema vakyumu ifike karibu inchi 29 au 30 za zebaki. Hiyo ni ya Dar. Mbeya tuko mita 1,700 hivi, hewa yetu ni nyepesi, na geji ya kawaida itagota kati ya 24 na 25. Usiilaumu pampu.

Kisha jaza kwa mizani, kwa gramu zilizoandikwa kwenye lebo chini ya boneti. Gesi ikizidi, ubaridi hupungua vilevile. Vaa miwani: R134a, gesi ya AC, huchemka kwenye nyuzi -26, tone moja linaunguza jicho.

Maswali ya wanachama

*Mafinga:* Mkuu, yangu inapoa ikitembea, ikisimama kwenye foleni ya mizani inageuka joto.

Ikitembea, upepo wa barabara unapoza kondensa. Ikisimama inategemea feni. Kagua feni, kisha uchafu wa kondensa. Gesi iache kwanza.

*Rujewa:* Shikamoo fundi. Nimeambiwa niweke gesi ya jikoni, ni nafuu na inapoza vizuri.

Marahaba. Inapoza kweli, ila usiweke. Kipozeo, kile kinachopoza hewa ya kabini, kiko ndani ya dashibodi, mbele ya magoti yako. Pakivuja pale, gesi inayowaka inajaa kabini uliyofunga vioo. Sijawahi kumwekea mteja na sitamwekea.

*Makambako:* Inapoza dakika 20, halafu upepo unafifia. Nikizima kidogo inarudi.

Kipozeo kinaganda barafu. Anza na chujio la hewa ya kabini, kisha kihisi joto cha kipozeo. Gesi pungufu nayo huleta hali hiyo.

*Mbeya:* Kaka, imeharibikaje wakati siitumii?

Kwa sababu huitumii. Sili ya shafti ya kompresa hulowanishwa na oili inayozunguka. Ikikaa miezi bila kuwashwa hukauka, na gesi hutoroka kidogo kidogo. Washa dakika 10 kila wiki, hata Juni. Ukipita Isyonje kwenye ukungu, washa AC pamoja na hita, elekeza kioo cha mbele: AC inakausha hewa, hita inapasha, na kioo kinafunguka wala huhitaji kitambaa.