Maharage kwenye presha, sweta mkononi
Huku Njombe, baridi ya Juni na Julai ikishika, siku ya mapumziko naigawa kati ya maharage na sweta la mtoto. Maharage yaloweke tangu usiku. Asubuhi mwaga maji yale, weka mapya, ongeza kijiko cha mafuta kupunguza povu, na usijaze sufuria ya presha kupita nusu, maana maganda yakipanda yanaweza kuziba tundu la mvuke. Filimbi ikilia, punguza moto, hesabu dakika 20 hadi 25.

Sasa chukua sindano. Jipime siku moja kwa saa ujue dakika 20 ni mistari mingapi. Mimi kwa mishono 60 napata mistari 8 hivi. Fuma mgongo wa sweta, sehemu isiyo na hesabu ngumu. Shingo na makwapa yasubiri jioni, kwa sababu hapa lazima uinuke. Na umalize mstari kwanza, ukiuacha katikati mishono huchomoka.

Ukizima jiko, usilazimishe mfuniko. Presha ishuke yenyewe, kama dakika 15, nawe endelea kufuma. Nyanya na chumvi weka baadaye, uchachu wa nyanya huchelewesha maharage kulainika.

Kwetu milimani maji huchemka chini ya nyuzi 95, ndiyo maana sufuria ya kawaida inamaliza mkaa na maharage bado magumu. Ndani ya presha joto linapita nyuzi 110.