Somo: Kusafiri wakati wa mlipuko bila kuusafirisha ugonjwa

Wakuu, mlipuko ukitangazwa wengi hukimbilia barakoa. Sawa, nunua, ila kazi kubwa ya msafiri ni kuhesabu siku.

1. Ujue ugonjwa unaoukabili. Kipindupindu hujitokeza ndani ya saa chache hadi siku 5 tangu kuambukizwa. Ebola, siku 2 hadi 21. Mtego uko hapa: wa Ebola haambukizi wengine kabla hajaanza dalili, lakini wa surua huanza kuambukiza siku 4 kabla ya upele, na virusi alivyoviacha chumbani huweza kubaki hewani hadi saa 2. Kwa hiyo "mbona mimi mzima" haimsaidii jirani yako wa kiti.

2. Chanjo mapema. Cheti cha homa ya manjano huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano. Wa kuchanja leo apande ndege kesho, pole yake.

3. Begi. Sabuni, barakoa, kitakasa mikono chenye alkoholi kuanzia asilimia 60, na kipimajoto (hiki ndicho husahauliwa).

4. Ukiumwa, ahirisha. Kumeza panadol ili upite kwenye kipimo cha joto ni kuwadanganya abiria wenzako: homa itashuka, virusi vipo palepale.

5. Ukirudi, safari haijaisha. Kama ulikotoka kuna Ebola, pima joto kila siku kwa siku 21. Ukipata homa, piga simu kituo cha afya kwanza, useme umetoka wapi, ndipo uende.

Maswali

*Mkuu, kitakasa si kinatosha, sabuni ya nini?*
Mikono ikiwa michafu kitakasa hakifui dafu. Na kwa norovirusi, ile ya kutapika na kuharisha, sabuni na maji ndiyo tegemeo.

*Nina kikohozi kidogo tu, na tiketi hairudishiwi pesa.*
Hujui bado ni kidogo cha nini. Omba kubadilishiwa tarehe kabla ya siku ya safari. Ukikaa kimya usitokee, utapoteza yote.

*Nimefiwa, na huko kuna Ebola. Nisiende kuzika?*
Pole sana, ndugu yangu. Kama njia haijafungwa, nenda, lakini mwili wa aliyekufa kwa Ebola bado unaambukiza. Usiuoshe wala kuugusa. Iachie timu ya maziko yenye mavazi ya kinga, wewe simama kando uombe dua. Kisha anza kuhesabu zile 21.